Mezani au Mkekani: Njia Mbili za Kumsaidia Mtoto Mwenye Usonji

Mzazi anayeambiwa leo kwamba mwanawe ana usonji hutoka kliniki akiwa na karatasi mkononi na maswali asiyojua amuulize nani. Kufika jioni, ushauri umeshamiminika. Shangazi amemtaja mganga, jirani amesema watoto wa kiume huchelewa kuongea na hakuna haja ya kuhangaika, na kundi la WhatsApp la wazazi limegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasisitiza tiba ya tabia, maarufu kwa herufi zake za Kiingereza, ABA, kwa saa nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Upande wa pili unasema tiba hiyo humgeuza mtoto roboti, na kwamba mtoto hufunguka kwa mchezo. Wote wanasema kwa uhakika, na kila mmoja ana mtoto wa kutolea mfano.

Makala haya yanaeleza kila njia inafanyaje kazi, utafiti unasema nini, na mzazi mwenye kipato cha kawaida aanzie wapi. Nina upande ninaouegemea, na sitauficha.

Kwanza, masikio. Mtoto asiyeitika jina lake huenda hasikii, au ana usonji na hasikii kwa pamoja, kwa hiyo kipimo cha kusikia kitangulie tiba yoyote. Kifafa nacho huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine. Mtoto anayeganda ghafla, kukodoa macho au kuanguka apelekwe kwa daktari bila kusubiri. Na hakuna dawa inayoondoa usonji. Anayekuuzia dripu ya kusafisha madini mwilini, maji ya kunywa yenye kemikali au sindano za seli anahatarisha maisha ya mtoto wako. Dripu hizo zimewahi kuua.

Mezani

Katika ABA ya asili mtoto huketishwa kwenye kiti kidogo, mtaalamu akiwa mbele yake. Mezani pana kikombe na kijiko. "Nipe kikombe." Akikitoa, hupewa papo hapo kitu anachokipenda: kipande cha biskuti, katuni kwa sekunde chache, au anatekenywa. Akikosea, mkono wake huongozwa taratibu na zoezi hurudiwa. Kila jaribio huandikwa, na ujuzi mkubwa hukatwakatwa kuwa hatua ndogo ndogo zinazofundishwa moja baada ya nyingine. Msingi wake ni wazo la mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, kwamba tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa.

Aliyeipeleka njia hii kwa watoto wenye usonji na kuifanya maarufu ni Ole Ivar Lovaas, Mnorwe aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1987 alichapisha habari za watoto 19 waliofundishwa saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi, na akasema 9 kati yao walimaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida wakiwa na vipimo vya akili vya kawaida. Wazazi walioambiwa kabla ya hapo kwamba hakuna la kufanya walipata tumaini. Ndiko ilikotoka namba ya saa 40 ambayo mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam bado anatajiwa.

Yapo mawili ambayo mzazi huyo haambiwi. Watoto wa Lovaas hawakugawanywa katika makundi kwa kura, kwa hiyo haijulikani kama waliofanikiwa wangefanikiwa hata bila saa zote hizo. Pia kukemewa kwa sauti kali na kupigwa kofi la paja vilikuwa sehemu ya tiba yenyewe. Katika miaka ya 1960 maabara yake ilitumia hata mshtuko wa umeme. Mwaka 2018 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia tafiti za tiba hii ya saa nyingi kwa watoto wadogo. Zilizokidhi vigezo zilikuwa 5 tu, zenye watoto 219 kwa jumla. Watafiti walikiri kwamba upo ushahidi wa mafanikio, lakini wakauita dhaifu.

ABA ya leo kwa sehemu kubwa imeacha adhabu, na wataalamu wake wengi hucheza na watoto sakafuni. Hata hivyo malalamiko ya watu wazima wenye usonji waliokulia ndani yake hayahusu makofi peke yake. Wanasimulia walivyolazimishwa kutazamana na watu machoni hali kunawaumiza, na walivyozuiwa kupunga mikono ingawa kupunga huko ndiko kulikowatuliza. Walijifunza kuuficha usonji wao, na kuficha huko kuliwachosha hadi utu uzima. Naliona hili kuwa zito hasa kwetu, ambako mtoto mzuri ni mtoto mtiifu. Mtoto aliyezoezwa kumtii kila mtu mzima, tena kwa biskuti, hana kinga mbele ya mtu mwenye nia mbaya.

Ila ABA imetuachia mambo mawili ambayo sioni busara kuyatupa. La kwanza ni kuugawa ujuzi katika hatua. Kwenda chooni, kuvaa shati, kupiga mswaki, kusimama ukingoni mwa barabara hadi ashikwe mkono: haya hufundishika vizuri hatua kwa hatua, na kumsifu mtoto kila hatua hakumdhuru.

La pili ni kuuliza tabia inatoka wapi. Mtoto anajipiga kichwani. Kabla ya kujipiga kulitokea nini? Na baada ya kujipiga, kilifuata nini? Andika kwa wiki moja. Huenda ukagundua kwamba anajipiga kila mnapopanda matatu yenye muziki mkubwa, na akishajipiga mnashuka. Amepata njia ya kusema "tushuke" kwa sababu hana nyingine. Atakayeacha ni yule atakayepewa namna nyepesi ya kusema hilo hilo, kama ishara ya mkono au picha, na atakayepandishwa gari tulivu wakati anajifunza. Kumpiga kwa sababu anajipiga hakumfundishi kitu. Mtaalamu wa tabia asiyeuliza sababu kabla ya kupanga tiba, mwepuke.

Mkekani

Njia ya pili humfuata mtoto alipo. Inayojulikana zaidi ni Floortime, iliyoanzishwa Marekani na daktari wa akili Stanley Greenspan pamoja na mwanasaikolojia Serena Wieder. Tuchukue mtoto anayepanga vifuniko vya soda kwa mstari, asubuhi hadi jioni. Mtu mzima haviondoi, wala hamwiti mtoto aje mezani. Anaketi naye mkekani. Anakusanya vifuniko na kumpa kimoja kimoja, ili kila anapohitaji kingine amgeukie. Anaweka kimoja mahali pasipo pake na kungoja. Mtoto anaurudisha mstari wake, anamtazama, pengine anaguna kwa hasira, pengine anacheka. Mtu mzima anajibu. Ni mawasiliano ya kwenda na kurudi, na kazi ya siku hiyo ni kuyaongeza: leo mara mbili, baada ya miezi mara ishirini bila kukatika. Wenye njia hii hushauri vipindi vya dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa siku, nyumbani, na wazazi wenyewe.

Hii ni kazi yenye ufundi, tofauti na kumwachia mtoto midoli akae peke yake huku mhudumu akichezea simu. Ni tofauti pia na tiba ya michezo ya washauri nasaha, ambayo humsaidia mtoto aliyepatwa na msiba au ukatili kutoa yaliyomo moyoni. Kituo kikikwambia kinatoa tiba ya michezo, uliza ni ipi.

Ushahidi wake nao una mipaka. Huko Thailand, utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2011 ulikuwa na watoto 32. Wale ambao wazazi wao walifundishwa Floortime walipiga hatua zaidi katika miezi mitatu kuliko wenzao. Marekani, utafiti wa mwaka 2014 wenye watoto 128 ulionyesha kwamba wazazi na watoto walielewana na kushirikiana vizuri zaidi, lakini vipimo vya lugha na akili havikutofautiana. Na upo udhaifu ambao mzazi atauona bila utafiti: mtoto anayekimbilia barabarani anahitaji kufundishwa leo, wala huwezi kungoja mchezo ufike huko wenyewe.

Kwa wengi wetu kuna kikwazo kingine. Baba kukaa chini na kucheza na mtoto wa miaka minne huonekana jambo la ajabu. Mchezo ni wa watoto. Lakini bibi anayemrusha mjukuu mapajani, akimwimbia na kungoja acheke ndipo amrushe tena, tayari anafanya kazi ile ile ya mkekani. Na nyumba yenye kaka, dada na binamu ina walimu wa mchezo ambao vituo vya Ulaya hulipia fedha nyingi kuwapata. Mfundishe dada wa miaka kumi mambo matatu: aige anachofanya mdogo wake, amngoje, asimnyang'anye. Watoto huyashika haya haraka kuliko watu wazima.

Katikati ya meza na mkeka

Kwa miaka mingi sasa watafiti wamekuwa wakiziunganisha njia hizi. Tuseme mtoto anaunyooshea mkono mpira. Mtu mzima anaushika, anautamka, "mpira," na kungoja. Mtoto akitoa sauti, akitazama au akionyesha kidole, anapewa mpira wenyewe. Hapa zawadi ni kile kile alichokiomba, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na meza ya Lovaas, ambako biskuti haina uhusiano wowote na kikombe. Mtoto ndiye anayechagua mchezo, lakini mtu mzima ana lengo aliloliandika na anapima kama linafikiwa.

Miongoni mwa njia za namna hii ni mtindo wa Denver wa Sally Rogers na Geraldine Dawson kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi minne, JASPER ya Connie Kasari, na njia ya Robert na Lynn Koegel wa California. Mwaka 2010 mtindo wa Denver ulijaribiwa kwa watoto 48 wa miezi 18 hadi 30, safari hii wakigawanywa kwa kura. Baada ya miaka miwili vipimo vya akili vya waliopata tiba hiyo vilikuwa vimepanda kwa wastani wa alama 17.6, na vya wenzao waliopata huduma za kawaida alama 7. Jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2019, lenye watoto 118, halikurudia matokeo hayo ya akili. Lugha iliboreka, lakini si katika vituo vyote. Nayaweka yote mawili mbele yako kwa makusudi, kwa kuwa wanaouza tiba hutaja lile la kwanza peke yake.

Mwaka 2023 jarida la kitabibu BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 252 zenye watoto zaidi ya 13,000. Ukibaki na tafiti zilizogawa watoto kwa kura tu, picha inakuwa hivi: tiba za tabia zilipunguza tabia ngumu kwa maelezo ya wazazi wenyewe, tiba za mkekani ziliboresha mawasiliano ya mtoto na watu, na hizi za katikati ziligusa yale hasa yanayomsumbua mtoto mwenye usonji, yaani kuwasiliana na kushirikiana na watu. Wachambuzi walilalamika pia kwamba tafiti nyingi hazikufuatilia kama tiba iliwaletea watoto madhara yoyote. Hilo linapaswa kumfanya kila mzazi awe macho, kwa sababu ikiwa watafiti hawakuangalia, wa kuangalia ni wewe.

Na zile saa 40? Mwaka 2024 baadhi ya watafiti hao hao walipitia tafiti 144 zenye watoto 9,038, wakitafuta kama saa nyingi zaidi huleta mafanikio zaidi. Hawakuona uhusiano huo. Mzazi anayeuza kiwanja ili aongeze saa anastahili kulijua hili kabla ya kuuza.

Fedha kidogo ziende wapi

Ningekuwa na fedha za vipindi vichache tu, ningezitumia kumfundisha mlezi. Uingereza kulibuniwa tiba iitwayo PACT, ambamo mzazi hupigwa video akicheza na mwanawe, kisha yeye na mtaalamu huitazama pamoja, wakitafuta zile nyakati ndogo mtoto alipojaribu kuwasiliana na mzazi hakuona. Watoto 152 walishiriki katika jaribio lake, na miaka kama sita baadaye waliopata tiba hiyo walikuwa bado mbele kidogo ya wenzao. Kisha njia hiyo ilirekebishwa na kupelekwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, ambako watoa tiba walikuwa wahudumu wa afya wasio mabingwa. Vipindi vilikuwa 12 tu kwa miezi sita, na bado wazazi walijifunza kuwaitikia watoto wao, na watoto wakaanzisha mawasiliano zaidi. Huo ni ushahidi uliotoka katika mazingira yanayofanana na yetu, yenye mabingwa wachache.

Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa kukua au usonji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Yanafundisha kutumia mchezo na kazi za kawaida za nyumbani, kama kufua, kupika na kuoga, kuwa mahali pa kujifunza mawasiliano. Yamefika pia Ethiopia na Kenya, na toleo la mtandaoni ni la bure. Uliza hospitali ya wilaya au kaunti kama kuna kikundi.

Kwa uchunguzi na rufaa, mzazi wa Kenya anaweza kuanzia kituo cha serikali cha tathmini ya elimu, EARC, kilicho karibu naye, na Nairobi kuna kitengo cha usonji katika Shule ya Msingi City. Tanzania, hospitali za rufaa kama Muhimbili na KCMC ndiko pa kuwapata mabingwa wa watoto na wataalamu wa tiba kazi, na baadhi ya shule za msingi za umma, kama Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam, zina vitengo vya watoto wenye usonji.

Ukifika kwenye kituo chochote, cha umma au cha binafsi, omba kukaa ndani wakati wa kipindi. Ukikataliwa kabisa, tafuta pengine. Uliza malengo ya miezi mitatu ijayo, na uyasikilize kwa makini. "Aombe maji kwa neno, picha au ishara" ni lengo la mtoto. "Aache kupunga mikono" ni lengo la kuwaridhisha wanaomtazama. Uliza wanafanya nini akikataa. Jibu zuri ni kwamba kukataa kwake ni mawasiliano, na kwamba hufundishwa namna ya kusema "sitaki" ikaheshimiwa. Uliza mtu anayekaa naye kila siku amesomea nini na nani anamsimamia, kwani mara nyingi jina la mtaalamu liko mlangoni na kazi inafanywa na kijana aliyepewa mafunzo ya siku chache. Cheti kikitajwa, uliza ni cha nani na cha mwaka gani, na kitazame mwenyewe.

Nyumbani anza na robo saa kwa siku, wakati mtoto hana njaa wala usingizi, televisheni ikiwa imezimwa. Keti chini, mtazamane. Fanya anachofanya. Punguza maswali, kwani mtoto anayeulizwa "hii nini? hii rangi gani?" mfululizo huona mchezo umegeuka mtihani. Badala yake taja unachokiona kwa neno moja au mawili, katika lugha mnayoitumia nyumbani. Usiiache lugha yenu kwa kuambiwa kwamba Kiingereza kitamrahisishia. Watoto wenye usonji wanaweza kukua na lugha mbili. Kisha ngoja. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Huu ndio ugumu wenyewe, kwa sababu ukimya hututia wasiwasi nasi hukimbilia kuujaza.

Kama haongei, mpe picha. Njia ya kubadilishana picha ilibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost: mtoto anakupa picha ya ndizi, unampa ndizi. Picha zilizokatwa kwenye magazeti au zilizopigwa kwa simu na kuchapishwa zinatosha. Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto mvivu wa kuongea. Tafiti hazionyeshi hivyo, na mtoto anayeweza kuomba anachotaka hupunguza kulia na kujipiga.

Choo, kuvaa na usalama barabarani vifundishe kwa hatua, kama nilivyosema kuhusu ABA, kimoja kwa wakati mmoja. Usianze kumfundisha choo wiki ile ile anapoanza shule au mnapohama nyumba.

Weka daftari. Kila Jumapili andika mistari michache: aliomba nini na kwa njia gani, alicheza na nani, alilala vipi, nini kilimkera. Baada ya miezi mitatu lisome ukiwa na mtaalamu wake. Kama hakuna kilichobadilika, badilisheni malengo au njia. Na mtoto akianza kulia tangu mnapolikaribia geti la kituo, akirudi kukojoa kitandani, au akiacha kukushika mkono kama alivyokuwa akifanya, usingoje miezi mitatu. Simamisha vipindi wiki hiyo, ingia chumbani uone anavyotendewa, na urudi naye tu pale utakapopewa maelezo yanayokuridhisha.